Sufuria Moja Siku ya Kwanjula

Waliokuwepo niwataje kwanza, maana mtu akianza kusimulia bila kusema nani alikuwepo, watu hubishana kabla hajafika katikati. Nilikuwepo mimi, mwenye nyumba, mjane wa polisi. Alikuwepo mwanangu wa kwanza, Mwislamu kama baba yake, anayeuza vipuri vya malori Kisenyi, hapa Kampala. Alikuwepo binti yangu anayemfuata, Mkristo kama mimi, ila yeye ameokoka na mimi ni wa kanisa la zamani la rozari. Alikuwepo mjukuu wangu aliyekuwa anaposwa, mtoto wa marehemu mwanangu wa mwisho, niliyemlea mimi tangu hajaota meno. Alikuwepo Haji, Msomali wa Kisenyi, rafiki wa marehemu mume wangu. Alikuwepo mama wa kijana aliyekuja kuposa, Mkenya, mwenye duka la vyombo vya plastiki karibu na soko la Nakawa. Na jirani yangu Mganda, ambaye ndiye aliyesimamia jiko. Wengine walikuwa wengi, na majina yao yote ninayo kichwani, hata ya watoto waliokuja kwa ajili ya soda tu. Lakini sitayaandika. Wengi bado wako hai, na wengine bado wana uchungu.

Kiswahili changu mtakisamehe. Shule niliishia darasa la tatu. Hiki ninachoandika nilikipata kwenye kambi ya polisi. Mume wangu alitoka West Nile, mimi ni Mwacholi, na lugha zetu mbili hazisikilizani hata kidogo, basi nyumbani tukaongea Kiswahili cha polisi, kile cha amri. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilidhani “simama hapo” na “lete haraka” ni maneno ya mapenzi.

Yeye alikuwa anaenda msikitini, mimi kanisani. Hakunigeuza, na mimi sikumgeuza. Watoto walipokua aliwaambia kila mmoja aende mlango anaouona wake. Wa kwanza akaenda na baba, wa pili akaja na mimi, wa mwisho alikuwa anaenda kote kote kutegemea wapi kuna chakula. Jambo moja tu mume wangu alilikazia: sufuria. Nyumba hii ina sufuria moja. Ndiyo maana mnyama wetu, awe wa Idi, awe wa Krismasi, awe wa matanga, alichinjwa na Mwislamu, ili kila anayeingia aweze kunawa na kula bila kuuliza. Wakristo wa Uganda wengi tunafanya hivyo tukialika watu, si sisi peke yetu. Na ukija na nyama yako, nayo ya kuchinjwa hivyo hivyo, inaingia mle mle na ya wengine. Kazi ya kisu ilikuwa ya Haji. Krismasi asubuhi, sisi tunatoka misa, tunamkuta amekaa kwenye kigoda anatungoja, amevaa kanzu ya zamani isiyoogopa damu.

“Mmesali vya kutosha?” atasema. “Mbuzi amechoka kungoja.”

Tukaishi hivyo. Mume wangu akafa, tukahama kambini, tukajenga huku nyuma ya Nakawa wakati bado kulikuwa na mihogo pande zote. Leo mihogo hakuna. Kuna maghorofa yenye kuta ndefu na askari wa getini, na watu wa humo siwajui hata mmoja, nami ni mtu wa kujua watu. Magari yao hutoka asubuhi vioo vimefungwa. Madukani kuku wanakuja wamegandishwa, wametoka nchi ambazo sizijui, wana muhuri juu ya karatasi unaosema wamechinjwa vizuri. Inawezekana. Mimi nilizoea kumwona mchinjaji usoni.

Na wanangu wawili nao walikuwa wameanza kufunga vioo. Nimesema vibaya? Ndivyo ilivyokuwa. Binti yangu alipookoka akaanza kumhubiria kaka yake mezani. Kaka akaacha kuja Krismasi, akisema ana mzigo unaingia kutoka Mombasa. Mzigo gani huo unaoingia kila Krismasi? Mara ya mwisho walikula pamoja ilikuwa tulipomzika mdogo wao. Kwa hiyo mjukuu wangu aliponiambia ana mchumba, furaha zangu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni yake. Ya pili ni kwamba kwanjula ni lazima iwe hapa nyumbani, na baba yake hayupo, hivyo baba mkubwa atakaa mahali pa baba, na shangazi atakaa mahali pa ssenga, yule shangazi anayemtoa binti mbele ya wakwe. Hawawezi kukwepa. Watakaa mkeka mmoja, watakula sufuria moja. Hilo tu ndilo nililolitaka. Nilimwomba Mungu hilo kabla hata ya kumwombea mtoto mume mwema, na sioni haya kulisema.

Kwanjula, kwa asiyejua, ni ile siku Waganda wanapowatambulisha wakwe. Sisi si Waganda, na hao Wakenya si Waganda, lakini ukishakaa Kampala unakuwa na kwanjula tu, unavaa gomesi, lile gauni refu la mabega yaliyochongoka, unakodi msemaji. Mjukuu wangu na yule kijana walikutana Dubai. Yeye alikuwa anasafisha vyumba hotelini, kijana alikuwa anaendesha magari ya wageni. Siku moja mjukuu wangu akamsikia kijana anagombana kwa simu kwa Kiswahili cha Nakawa, akajua huyu ni wa kwetu. Kumbe nyumba zao hapa zimetenganishwa na barabara moja! Walipishana hapa utoto wote bila kusalimiana, mpaka wakapanda ndege wote wawili.

Mtoto huyo alirudi na maneno yake. Siku moja tukichambua mchele nilimweleza habari ya sufuria ya babu yake. Akacheka.

“Jajja,” akaniita, yaani bibi kwa Kiganda, “Dubai chumbani kwetu tulikuwa Wafilipino, Wahindi, Wakenya, Wanepali. Friji ni moja. Kila mtu na kopo lake, limeandikwa jina lake. Hakuna aliyegombana.”

“Mlikuwa mnakula pamoja,” nikamwuliza, “au mlikuwa mnakula karibu karibu?”

Akatoa kijiwe kwenye mchele. “Karibu karibu, Jajja. Lakini kwa amani.”

Hilo nalo si dogo. Nililiwaza sana baadaye.

Sasa hili ninalowaambia nililijua siku ile ile jua likiwa kichwani, ila ninaliweka hapa ili mfuate vizuri. Kabla ya siku yenyewe, mama wa kijana alimpigia binti yangu simu. Alimwambia kwa heshima, sina sababu ya kumsingizia. Alisema, “Dada, wacha nikuambie ukweli. Kanisani kwetu siku hizi tunafundishwa tusile nyama iliyosomewa maneno ya dini nyingine. Sitaki kuaibisha mtu mbele ya watu. Nifanye nini?” Na binti yangu, badala ya kuja kwangu, au kwa kaka yake, au kwa Haji, akapanga lake. Mjomba wa kijana achinje mbuzi kwao asubuhi, nyama iletwe imekatwa tayari ndani ya ndoo, ipikwe kando kwa sufuria ndogo, wakwe wapakuliwe kutoka humo. Hakuna atakayejua. Sahani ni sahani.

Siku ikafika. Haji alichinja mbuzi wetu wawili mapema, nyuma ya tangi la maji, kama siku zote. Mwanangu alikuwa amekuja na gari, na mkewe, amevaa kanzu nyeupe na koti, akakaa pale pa baba, akanyooka. Dada yake akapita na gomesi ya rangi ya zambarau. Kaka akamwambia, “Ssenga, umependeza.” Akajibu, “Na wewe leo mzigo wa Mombasa umeuacha na nani?” Wakacheka wote wawili. Mungu wangu! Niliingia chumbani nikakaa kitandani kidogo, nipumue.

Wakwe walipofika, msemaji wetu akawazuia mlangoni kama ilivyo desturi.

“Nyinyi watu wa ng'ambo ya mpaka, mmepotea njia?”

“Hatujapotea,” msemaji wao akajibu, “tumefuata harufu ya pilau.”

“Harufu hiyo ni ya jirani. Sisi hapa tunafunga.”

“Basi tutafunga pamoja nanyi mpaka mtuoe au mtuozeshe!”

Watu wakapiga vigelegele. Juu kwenye ghorofa la jirani walisimama vibarazani wakituchukua picha kwa simu, sijui walikuwa wanamwonyesha nani. Maneno yakaenda, zawadi zikaingia, vikapu vya sukari, sabuni, gunia la chumvi, binti akatolewa, kijana akatambulishwa, akavishwa ua na shangazi. Kila kitu kilikuwa shwari. Ikabaki chakula.

Binti yangu akaingia jikoni, nami nilikuwa nyuma yake nikitafuta mwiko. Akamwuliza jirani yangu Mganda polepole, “Ile nyingine iko wapi?”

“Ipi, nyabo?” akamwita kwa heshima ya Kiganda.

“Nyama ya ndoo ya bluu.”

“Ile ya wakwe? Nilishaimwaga kwenye sufuria kubwa.”

“Umeichanganya?”

“Sasa ningeiacha peke yake? Katika nyumba hii nyama ya mgeni imekaa peke yake tangu lini? Nimeikoroga na imeiva, onja.”

Hakukosea huyo mama. Miaka yote amepika kwetu, misiba na harusi, na hakuna siku aliyoona nyama ikitengwa. Ndoo imekuja pamoja na vikapu vya wakwe, akaona ni zawadi, akafanya kama tulivyomzoesha.

Binti yangu akashika mlango. Akanivuta upande, akaniambia yote, haraka haraka, simu, kanisa, mjomba, ndoo. Halafu akasema, “Mama, nakuomba, nyamaza. Nyama ikishakuwa kwenye mchuzi ni nyama. Nani atajua?”

Nikafunua sufuria kubwa.

“Si wewe unayetaka wote wale sufuria moja? Haya. Iko pale. Wote wamo.”

Maneno hayo nayasikia mpaka leo nikiwa nimekaa peke yangu. Alikuwa anasema kweli. Mle ndani mlikuwa na mbuzi wa Haji na mbuzi wa mjomba wa Kikenya, na vitunguu vyangu, na chumvi ya jirani. Nilichokiomba kilikuwa kinachemka mbele yangu. Nilihitaji kufunga mdomo tu.

Nikachungulia kwenye hema. Walikuwa wameanza kunawishwa mikono. Haji amekunja mkono wa kanzu, na aliyekaa karibu naye ni yule mama wa kijana. Haji alikuwa anamwambia, “Mama, anza wewe, mimi mikono yangu imechafuka tangu asubuhi kwa ajili yako,” na yule mama, ambaye alijua hatakula mbuzi wa Haji, akacheka kwa adabu, akatazama chini. Mwanangu amekaa upande wa pili anamngojea dada yake, amemwekea nafasi kwa kiganja juu ya mkeka. Nikamtazama Haji na mikono yake imelowa. Angesema bismillahi yake, apeleke mkono mdomoni, na mimi nimesimama hapa namtazama. Na yule mama naye vile vile, na neno la kanisa lake. Wote wawili wangekula kwa sababu wananiamini mimi. Nikaona haiwezekani.

Nikatuma waitwe, mwanangu na mama wa kijana. Haji akainuka nao bila kuitwa, kazoea kwamba jambo la jikoni kwetu linamhusu. Tukasimama nyuma kwenye tangi, nikawaeleza. Nilieleza kwa maneno machache, sikumpamba mtu.

Mwanangu akamgeukia dada yake. “Ulinificha mimi?”

“Nilikuwa naficha aibu.”

“Aibu ya nani? Ya Haji?”

“Usimwingize Haji!”

“Umemwingiza wewe. Alichinja hapa kabla hujajua kutembea, leo kisu chake kimekuwa kichafu?”

“Hakuna aliyesema kichafu,” mama wa kijana akasema. “Baba, usiniwekee maneno mdomoni. Nilitaka kukaa na nyinyi bila kuvunja neno la kwetu. Na hiyo nyama yetu pia tuliichinja kwa maombi. Nayo imemwagwa.”

“Mwacheni,” Haji akasema. “Mimi simlazimishi mtu kula.” Akamwangalia binti yangu. “Lakini mwanangu, ungeniambia asubuhi. Ningemwacha mmoja hai, mkamchukua wenyewe.”

“Ningekutazamaje usoni, Haji?”

“Kwa macho. Kwani una kingine cha kutazamia?”

Hakuna aliyecheka. Binti yangu akaanza kulia, na wanja ukashuka.

Bibi harusi akaja, gomesi imemzonga miguu. “Jajja, watu wanangoja. Kuna nini?” Nikamwambia. Akaweka mkono kichwani.

“Tuseme nyama imeungua,” mwanangu akasema.

“Hiyo ni sawa,” mama wa kijana akaitikia upesi. Hilo likawa jambo la kwanza walilokubaliana.

Jirani yangu mpishi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. “Imeungua? Nani kaiunguza? Nimepika mtaa huu wote, sijaunguza hata maji. Aibu nibebe mimi?”

Alikuwa na haki. Nikaenda mwenyewe mbele ya hema, na miguu yangu hii, nikasema kwa Kiswahili ili wote wasikie, kwamba nyama ya leo haitatoka, ni kosa la nyumba yangu si la mpishi, na kwamba kuna matoke, wali, ugali tunaouita posho, maharage, mchicha na mchuzi wa karanga, watusamehe. Msemaji wao akafungua mdomo atanie, akaniona uso, akaufunga. Watu wakatazamana.

Haji ndiye aliyekaa wa kwanza. Akajipakulia mchuzi wa karanga. “Leo madaktari watafurahi,” akasema. “Wananikataza nyama kila mwezi.” Wachache wakacheka, wakaanza kula. Mama wa kijana alikula mchicha na wali, taratibu, hadi akamaliza. Binti yangu hakutoka chumbani. Mwanangu alikaa na sahani mbele yake, ile nafasi ya pembeni iko wazi, akaonja matoke mara moja, akaninong'oneza, “Mama, ulifanya vizuri kusema.” Kisha akaondoka kabla ya keki. Nyama tuliwagawia askari wa maghorofa na fundi cherehani Mkongomani na watoto wake, baada ya kuwaambia ni ya namna gani. Walisema haiwasumbui. Ikaisha yote.

Ndoa ilifungwa, kanisani kwao. Wanakaa vizuri, wana mtoto. Hilo halikuharibika, nashukuru.

Lakini sufuria ilivunjika. Mwanangu anakuja sikukuu, siku hizi hakosi, ila anakuja ameshakula Kisenyi. Anakunywa chai, anabeba watoto wa watu, anaondoka. Binti yangu anakuja siku inayofuata. Wanasalimiana kwa simu. Binti yangu ameniambia mara nyingi kwamba ningenyamaza leo wangekuwa pamoja. Pengine. Namwambia tu kwamba wangekuwa pamoja juu ya kitu wasichokijua, naye ananijibu kwamba watu wote wa mji huu wanaishi hivyo.

Haji bado anachinja kwangu, mikono inamtetemeka sasa, anashikiwa mbuzi.

Mama wa kijana alinitembelea baada ya mjukuu kujifungua. Alikuja kwa bodaboda amebeba jogoo chini ya kwapa, miguu imefungwa kwa kamba ya katani.

“Mama,” akasema, “huyu bado anapumua. Mtajua wenyewe mtampa nani kisu.”

Sikujua kama ananitania au anaomba msamaha. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyelifikiria jambo njia nzima. Nikamwuliza, “Na wewe utakula?”

Akavua viatu, akaketi. “Mpikeni kwanza.”

Nikamwita Haji. Akaja, akachinja, jirani yangu akapika. Tukakaa sisi wanne chini, wazee watupu, na mtoto mchanga katikati yetu kwenye kitambaa. Mama yule akakata tonge la posho, akalichovya kwenye mchuzi, akala. Akachovya tena. Paja nililomwekea hakuligusa. Haji aliliona, akatazama kwingine, akaendelea kuongea habari za bei ya ng'ombe. Alipoondoka alilifunga lile paja kwa jani la mgomba akasema anampelekea mumewe. Kama mumewe alilila au hakulila, mimi sikuuliza.

Nimeandika kama ninavyoona kichwani. Kichwa changu kinashika majina na nyuso, ila mpangilio wa maneno huenda unanipotea. Binti yangu anadai hakulia pale kwenye tangi, alilia chumbani tu. Mjukuu anasema gomesi ya shangazi ilikuwa ya kijani. Nyinyi mliokuwepo chini ya hema lile, kama Haji alisema lingine, au kama mwanangu aliondoka baada ya keki na si kabla, njooni mniambie. Ningefurahi sana kuambiwa kwamba alikaa.